Siku tano kwenye mraba wa Nicodemus, Kansas

JUMATANO. Kansas City – Hays

Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi, mimi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ana miaka kumi na tisa na leseni ya udereva yenye umri wa miezi minne. Mama yake amenisindikiza mpaka mlangoni mwa gari: "Kaka, tafadhali, usimwachie usukani kwenye barabara kuu." Kutoka Topeka mpaka Salina aliyeshika usukani ni yeye, mimi nimelala fofofo.

Kazini nilipoaga kwamba ninakwenda kupumzika Kansas magharibi, wenzangu wamenitazama kama mtu wa Dar anavyomtazama mwenzake aliyesema anapeleka mke fungate Manyoni. Kuna nini huko? Upepo, ngano na ng'ombe. Lakini kabla ya kuja Marekani nilikuwa mpima ardhi Dodoma kwa miaka kumi na moja, na mpima ardhi akiiona ramani ya Kansas hawezi kulala. Imechorwa yote kwa rula. Barabara zinakatana kila maili moja, mashamba ni miraba, na juu ya miraba yote, pembeni kabisa mwa wilaya ya Graham, kuna kijiji chenye jina la Kibiblia: Nicodemus.

Nilikijua kwa jina tu. Kilianzishwa mwaka 1877 na watu weusi kutoka Kentucky, wengi wao wakiwa wamezaliwa watumwa. Makazi ya namna hiyo yalichipuka kadhaa kwenye nyika hizi baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na karibu yote yamefutika. Hili limebaki. Wikiendi ya mwisho ya Julai watoto wa waliohama hurudi kusherehekea, ndiyo maana tumechagua wiki hii ya joto kali ambayo mtu mwenye akili angekaa ndani.

Baada ya Salina mvua inapungua na miti inaisha. Karibu na Wilson na Russell nguzo za seng'enge si za mbao, ni za mawe. Wazungu waliofika huku hawakukuta miti ya kukata, ila walikuta mwamba wa chokaa ulio karibu na uso wa ardhi, ambao ukichimbuliwa ni laini kiasi cha kupasulika, ukikaa hewani unakuwa mgumu. Wakaufanya nguzo. Kwa macho yangu zile ni bikoni, alama za mipaka ya viwanja, maelfu ya bikoni zimepangwa mstari mpaka upeo wa macho. Nimemwamsha kijana (zamu yake ya kulala ilikuwa imefika) nimwonyeshe. Amesema, "Mjomba, ni mawe."

Tumelala Hays. Hakuna la kusimulia.

ALHAMISI. Ellis – Nicodemus

Ellis ni kituo cha reli, dakika ishirini magharibi ya Hays. Ni mji mdogo alikokulia Walter Chrysler, yule wa magari, na nyumba ya utotoni mwake imegeuzwa makumbusho. Sisi tulikuwa na shida na reli.

Septemba 1877 kundi la watu wapatao 300 na ushei kutoka pande za Lexington, Kentucky, lilishuka hapa kwenye treni. Nyuma yao kulikuwa na tangazo lililobandikwa Lexington: watu weusi wote wanaotaka kwenda Kansas tarehe 5 Septemba wanaweza kwa dola 5. Mbele yao kulikuwa na ahadi. Kampuni ya mji ilikuwa imesajiliwa Aprili mwaka huo. Humo mlikuwa na mchungaji mweusi, Simon Roundtree, na W. H. Smith, na mzungu mmoja mfanyabiashara ya viwanja kutoka Indiana, W. R. Hill. Hill ndiye aliyekuwa na ulimi. Alizunguka makanisani Kentucky akinadi nchi yenye udongo mweusi, maji na wanyama wa kuwinda. Kwetu tungesema aliuza mbuzi kwenye gunia. Udongo, kwa kweli, haukuwa uongo. Ni mengine yote.

Tukumbuke mwaka wenyewe. Mwaka 1877 ndio serikali ya Washington ilipoondoa ulinzi wa majeshi yake Kusini, na waliokuwa mabwana wakarudi kushika hatamu. Mtu aliyeachiwa huru miaka kumi na miwili nyuma, hana shamba, analima kwa kugawana mazao na mwenye ardhi, anaambiwa kuna sheria ya mwaka 1862 inayompa mtu ekari 160 akizilima na kukaa juu yake miaka mitano. Dola tano si nyingi.

Kutoka Ellis mpaka kijijini ni maili 35 hivi, kama kilomita 56. Walitembea siku mbili. Mmoja wao, Emma Williams, alikuwa mjamzito, na mwishoni mwa Oktoba mtoto wake wa kiume, Henry, akawa wa kwanza kuzaliwa kwenye makazi mapya. Nilikuwa nimepanga kutembea njia nzima. Dada yangu alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Basi tumekubaliana maili 6 za mwisho, kwa sababu maili 6 ndio upana wa mraba mmoja wa ramani ya Kimarekani, na nilitaka kuupima kwa nyayo.

Utaratibu wetu: kijana anatangulia na gari maili moja, anasimama njia panda, ananisubiri na maji. Barabara ni ya changarawe, imenyooka kaskazini kama uzi. Joto nyuzi 38. Upepo hausimami, unakausha jasho kabla hujaliona, na hapo ndipo hatari ilipo maana hujui kuwa umekauka wewe mwenyewe. Kushoto mabua ya ngano iliyovunwa Juni, kulia mmea wa kijani kibichi, mfupi, umefika magotini.

Nikasimama. Nimeinama, nimeshika jani. Mtama!

Kansas ndiyo inayoongoza kwa mtama Marekani yote. Ni mtama mfupi, wameuzalisha hivyo ili mashine ya kuvunia iufikie wote kwa usawa, na hawaupiki, wanalisha ng'ombe na kutengenezea mafuta ya magari. Lakini ni mtama, mmea wa Afrika, umesimama kwenye ukame ambao mahindi yangeomba dua. Nimemweleza kijana kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa anasonga ugali wa huu. Amepiga picha, akaituma kwa mama yake. Jibu limekuja: "Mwambie mjomba wako asiibe shamba la watu."

Njia panda ya tano nimekaa kwenye gari dakika kumi na kiyoyozi. Naandika hapa kwa uaminifu.

Mto Solomon, tawi lake la kusini, tumeuvuka bila kuutambua. Maji membamba katikati ya miti ya mipopla. Bonde hili lilikuwa mawindo ya nyati ya Wapawnee na Wacheyenne, wenyeji wa asili wa nyika hizi, kabla ya rula ya mtu yeyote. Julai 1857, kwenye mto huu huu, wapanda farasi wa jeshi la Marekani walipigana na Wacheyenne, na miaka ishirini baadaye ardhi ikawa "tupu" kiasi cha kuuzwa kwa matangazo makanisani. Wanaosimulia habari za Nicodemus husimulia pia kwamba majira ya baridi ya kwanza, chakula kikiwa kimekwisha, Waosage, wenyeji wengine wa asili, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda waliwagawia wageni nyama. Waliokwisha kunyang'anywa wakiwalisha waliodanganywa.

Tumefika saa tisa alasiri. Kijana amezima gari, akaangalia huku na huku: nyumba chache zilizotawanyika, mnara wa maji, mahema yaliyoanza kusimikwa, majani. "Mjomba, kijiji kiko wapi?"

Hakujua kwamba swali hilo lina mwenyewe. Masika ya 1878 kundi jingine liliongozwa na mchungaji Daniel Hickman. Ellis surua ikawakamata, wakazika watoto pale. Walipokaribia, wanaume wakashangilia kwamba wamefika, na mkewe, Willianna Hickman, akauliza Nicodemus iko wapi, mbona haioni. Mume akamwonyesha moshi ukitoka ardhini. Watu walikuwa wanaishi mashimoni. Mama yule alisimulia baadaye kwamba mandhari hayakumvutia hata kidogo, na akaanza kulia.

Nimemweleza kijana. Amenyamaza, kisha akauliza choo kiko wapi.

IJUMAA. Kijijini

Siku ndefu. Niliamka na malengelenge mawili kisigino cha kulia.

Ukumbi wa taunshipu umejengwa kwa chokaa ya hapa hapa mwaka 1939, chini ya mpango wa ajira wa serikali ya Roosevelt, wakati vumbi la miaka ya thelathini lilikuwa limewafukuza watu mpaka mwaka 1935 kijiji kikabaki na watu 76. Jengo bado ni mali ya taunshipu. Idara ya Hifadhi za Taifa inalitumia kupokea wageni. Hapa ndipo nilipotoa ramani yangu niliyoichapa nyumbani na kuitandaza mezani, na mtumishi wa hifadhi, dada mmoja mchangamfu, akasema ni mara chache mgeni kuja na ramani yake. Sikumwambia kuwa ninazo nne.

Neno lenyewe linachanganya, ngoja nilifungue. Wamarekani wana taunshipu mbili zenye jina moja. Ya kwanza ni ya wapimaji: kwa sheria ya mwaka 1785 ardhi ya umma ilikatwa miraba ya maili 6 kwa 6, na kila mraba ukagawanywa vipande 36 vya maili moja, kila kipande ekari 640. Ukikigawa kipande kwa nne unapata ekari 160, ambazo ndizo zile za sheria ya 1862. Sasa kaa hapo uone ujanja wake: mwanasheria Washington anaweza kumpa mtu shamba Kansas bila yeyote kati yao kuliona, kwa kutaja namba tu. Namba zenyewe zinaanzia kona ya kaskazini-mashariki, zinakwenda magharibi mpaka sita, zinashuka mstari na kurudi mashariki, kama ng'ombe wa plau anavyofika mwisho wa shamba na kugeuka. Vipande namba 16 na 36 vilitengwa kwa ajili ya shule. Kasoro ziko kila mahali, ila mapato ya shule yalitangulia shule, na hilo ninalivulia kofia.

Nicodemus iko mraba wa 8 kusini ya mpaka wa Nebraska, wa 21 magharibi ya meridiani ya sita, mstari wa kaskazini-kusini ambao wapimaji walianzia kuhesabu, inayopita Wichita, kipande namba 1. Kona kabisa. Aliyechora mstari ule hakujua kwamba hapo patakaa watu, na waliokuja kukaa hawakuhitaji kujua kuhusu meridiani. Ila hati yao ilisimama juu ya mstari huo, na hati hiyo hakuna bwana wa Kentucky aliyeweza kuibishia. Nilipokuwa Dodoma nimeona migogoro ya mashamba ambayo chanzo chake ni bikoni moja iliyong'olewa usiku. Hapa nyikani hapakuwa na mti wala jiwe la kutosha, kwa hiyo wapimaji mara nyingi walichimba mashimo na kulundika udongo kuwa alama. Watu walikuja kutafuta mashimo hayo, halafu wakachimba ya kwao ya kuishi.

Taunshipu ya pili ni serikali ya mtaa, tuseme kata, yenye viongozi wake wa kuchaguliwa na kodi yake ndogo ya barabara. Hiyo ndiyo mwenye ukumbi. Sensa ya 1880 ilikuta weusi 258 na weupe 58 wanaishi pamoja kwenye taunshipu hii, na weupe walipeleka watoto shule moja na weusi.

Mashimo yenyewe hayapo tena. Walichimba kwenye ubavu wa kilima, mbele wakaziba kwa udongo uliokatwa kama matofali pamoja na mizizi ya nyasi, juu wakaezeka matawi na udongo. Msomaji wa Mbulu ataelewa mara moja, maana Wairaqw walijenga tembe za namna hiyo, zimezama kilimani mpaka ng'ombe anaweza kupita juu ya paa. Tofauti ni kwamba Wairaqw walijificha kwa hiari ya akili yao dhidi ya wavamizi. Hawa walijichimbia kwa sababu hapakuwa na ubao. Kuni hakuna, wakachoma mavi makavu ya nyati na mabua ya alizeti. Mwaka wa kwanza wa kilimo inasimuliwa koloni zima lilikuwa na farasi watatu. Waliobaki walilima kwa sepetu na majembe ya mkono nyasi ambazo mizizi yake imeshonana tangu dunia iumbwe. Wanaume wakaenda kutafuta vibarua kwenye reli, wanawake wakabaki na mashimo na watoto. Familia kadhaa ziliona zimetosheka, zikageuza. Kuhusu Hill, husimuliwa kwamba watu waliokasirika walitaka kumnyonga, akafichwa. Akapona, na mji mkuu wa wilaya leo unaitwa Hill City. Dunia ndivyo ilivyo.

Mchana tumezunguka majengo matano ambayo serikali ya Marekani iliyatangaza mwaka 1996 kuwa eneo la historia la taifa. Ni matano tu: ukumbi, makanisa mawili, shule ya mwaka 1918, na hoteli ya St. Francis. Ile hoteli ya Zachary Fletcher na mkewe Jenny, iliyojengwa mwaka 1880 hivi, ilikuwa kila kitu: malazi, posta, kituo cha magari ya farasi. Zachary alikuwa mkuu wa posta wa kwanza, Jenny mwalimu wa kwanza. Kanisa la Methodisti la Kiafrika ndilo dogo na ndilo lililonikamata. Ukuta wa chokaa uliopigwa lipu, madirisha manne, ndani mwanga mweupe. Posta ilifungwa mwaka 1953, na posta ikifungwa kijiji cha Marekani kinakuwa kama nyumba iliyotolewa jiko.

Nimemtafuta pia mtu niliyekuja kwa ajili yake, Edward P. McCabe. Alizaliwa Troy, New York, mwaka 1850, akafanya kazi za ukarani Chicago, akaja hapa 1878 na rafiki yake Abram Hall, wakafungua ofisi ya mambo ya ardhi na sheria. Yaani walikuwa kazi moja na mimi, karibu. Hall alizunguka shimo kwa shimo akihesabu watu ili wilaya itimize idadi ya kisheria. Ilipotimia, mwaka 1880, gavana akamteua McCabe karani wa wilaya. Miaka miwili baadaye jimbo zima la Kansas, jimbo la wazungu, likamchagua mkaguzi mkuu wa hesabu. Akashinda tena 1884. Kutoka shimoni mpaka Topeka miaka minne! Hana sanamu kubwa hapa. Baadaye alihamia Oklahoma akashiriki kuanzisha mji mwingine wa watu weusi, Langston, mwaka 1890.

Usiku upepo umegeuka. Harufu ya mvua.

JUMAMOSI. Sherehe

Magari ya Denver, ya Topeka, ya Kansas City, ya California. Wakazi wa kudumu hawafiki 30. Leo pamejaa mamia. Kila mmoja anajua kivuli chake kilipo: familia ileile inaweka viti pale pale mwaka baada ya mwaka. Nilipoona hivyo nikajua ninachokitazama. Hawa ni Wachaga. Desemba barabara ya Moshi inavyofoka magari, nyumba zilizokaa kimya mwaka mzima zinavyowashwa taa, na mtu aliyezaliwa Sinza anavyosema "kwetu" akimaanisha mgomba ambao babu yake aliupanda. Hakuna anayesema Uru au Kibosho imekufa kwa kuwa Machi ni wazee tu waliopo.

Maandamano yamepita saa nne asubuhi: trekta, farasi wenye wapandaji waliovaa sare za askari weusi wa zamani wa kikosi cha farasi, watoto wakirusha pipi. Mpwa wangu ameokota pipi bila aibu yoyote.

Sherehe hii asili yake ilikuwa tarehe 1 Agosti, kukumbuka siku ya mwaka 1834 ambayo sheria ya kufuta utumwa ilianza kazi kwenye makoloni ya Waingereza, visiwa vya Karibi vikiwemo. Limenishangaza: watu waliokuwa watumwa Kentucky wanasherehekea uhuru wa Jamaika. Halafu nikakumbuka kwamba mimi nimepita Mkunazini, Unguja, mara ngapi sijui, penye kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, miaka minne tu kabla ya treni ile kufika Ellis, na sijawahi kuisikia tarehe hiyo ikisherehekewa na mtu.

Kwenye foleni ya samaki wa kukaanga mama mmoja mtu mzima ameniuliza natoka wapi. Nimemwambia Tanzania. Akatafakari. "Na watu wako hapa ni akina nani?" Swali la kijijini kabisa. Nikamjibu sina mtu hapa, nimekuja kuangalia mipaka ya ardhi. Akacheka, akamwita mwanawe: njoo umwone mtu ametoka Afrika kuja kupima shamba la baba yako. Yeye amekaa Denver zaidi ya miaka arobaini, lakini shamba la familia lipo, wanalikodisha kwa jirani wa kizungu anayelima ngano. "Mtu asije akauza," akasema, kama anamwambia mwanawe zaidi ya mimi. Kisha akanitajia kijana wa kijiji aliyefika mbali, Veryl Switzer, aliyezaliwa hapa 1932 na kuingia timu ya mpira wa Kimarekani ya Green Bay Packers mwaka 1954. Picha yake niliiona ukumbini. Mpwa wangu, ambaye tangu Jumatano hajavutiwa na meridiani, hapo ndipo aliponyanyua kichwa.

Radi zimeanza saa mbili usiku. Muziki umehamia chini ya hema.

JUMAPILI. Bogue, mstari wa 100, nyumbani

Ibada ilikuwa saa tano, nikataka kuwahi kwanza Bogue na kurudi. Bogue iko ng'ambo ya mto, maili 6 hivi kwa barabara, na kuna njia ya mkato ya udongo. Mpima ardhi anapenda mkato. Mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza ile njia kuwa mlenda. Gari limeteleza kwa utaratibu sana, bila haraka, mpaka mtaroni.

Tumesukuma nusu saa. Tope la huku linashika kiatu, halafu linashika tope jenzake. Kijana ameanguka mara mbili. Mkulima mmoja mzungu amekuja na trekta, ametutazama, hakuuliza lolote, amefunga mnyororo. Alipomaliza akasema tu kwamba barabara ya lami ipo. Nimempa shukrani zote ninazozijua kwa Kiingereza.

Bogue yenyewe ndiyo sababu ya Nicodemus kuwa ilivyo. Mwaka 1887 Nicodemus ilikuwa inapanda: maduka, benki, magazeti mawili. Kilichokosekana kilikuwa reli. Wapiga kura wa taunshipu wakaidhinisha hati za mkopo za dola 16,000 kuishawishi kampuni ya Missouri Pacific ipite kwao. Haikuja. Mwaka uliofuata Union Pacific ikaja, lakini ikapita kusini ya mto, na kambi ya mafundi wake ikawa Bogue. Wenye maduka hawakulia. Waliweka majengo yao kwenye magogo na matoroli, wakayakokota kuvuka mto. Magazeti yote mawili yakafa.

Nimesimama Bogue nikiwa na tope mpaka magotini nikitafuta ushindi wake. Maghala ya nafaka, nyumba chache, mtaa mkuu uliolala. Reli iliyowachukulia Nicodemus maduka haikuwafanya Bogue mji. Na sijasikia kwamba watu wanasafiri kutoka California kuja kusherehekea Bogue.

Ibada tumeikuta nusu. Tumekaa nyuma kwa sababu ya nguo. Kwaya ilikuwa inaimba kwa sauti tatu, na mzee mmoja wa kanisa alipoona hali yetu alitandika gazeti kwenye benchi kabla hatujakaa.

Badala ya kurudi mashariki moja kwa moja, nimeomba saa moja zaidi. Magharibi ya Hill City, kati ya Penokee na Morland, barabara inakatana na meridiani ya 100 (hii ni ya longitudo, si ile ya wapimaji). Mwaka 1878, watu wa Nicodemus wakilima kwa sepetu, John Wesley Powell, mwanajiolojia aliyechunguza nchi za magharibi, aliipelekea serikali ripoti: kwa makadirio, magharibi ya mstari huu mvua haitoshi kilimo bila umwagiliaji, na ekari 160 za sheria ni nyingi mno kwa mwenye maji na chache mno kwa asiye nayo. Hakusikilizwa. Nicodemus iko kama kilomita 33 tu mashariki ya mstari, yaani mwaka wa mvua ni shamba, mwaka wa ukame ni jangwa, na ramani yenye miraba sawasawa haionyeshi tofauti yoyote.

Tumeegesha kando. Nimeshuka na simu mkononi, natembea hatua moja moja kwenye majani: 99.9998. 99.9999. Panzi wanaruka. Kijana amebaki garini, miguu juu ya dashibodi, tope limekauka na kuanza kupukutika kwenye zulia. Simu imeonyesha 100.0000, ikarudi 99.9999, ikaenda 100.0001 nami sijasogea.

"Mjomba! Mama anauliza tumefika wapi."

Nimemwambia amjibu tuko njiani.